Posa Iliyosubiri Ngumi Ziishe

Sijawahi kupigana ngumi. Naanza na hilo kwa sababu wengi walionisikia nikibishana kwa kinyozi wa Lozells, mtaa wetu hapa Birmingham, Uingereza, au kwenye ghala la mboga nilikofanya kazi miaka ile, walidhani nimewahi. Mtu mmoja aliniuliza, kwa heshima kabisa, kama pua yangu iliharibiwa ulingoni. Nikamwambia hapana, nilizaliwa nayo.

Nilichokuwa nacho ni daftari. Humo niliwapambanisha mabingwa ambao wasingeweza kukutana hata siku moja, mmoja wa kilo hamsini na mwenzake wa kilo mia, mmoja amekufa zamani na mwingine bado yuko kambini anaruka kamba. Kanuni yangu ilikuwa moja tu: mdogo anakuzwa mpaka walingane uzani, halafu kila mtu anaachiwa ufundi wake. Baada ya hapo niliandika pambano zima raundi kwa raundi, nani kaanguka, nani kapasuka nyusi, refa kasema nini. Shule niliiacha darasa la saba, mama alipomfuata baba kaburini, na tangu hapo sikuwa nimeandika kitu kingine isipokuwa fomu za serikali. Ukitaka kunihesabu miongoni mwa waandishi, basi kazi zangu zote zilikuwa za ngumi ambazo hazikupigwa.

Bingwa wangu mpenzi alikuwa wa uzani wa nzi, ule mdogo kuliko karibu wote. Jina lake silitaji, maana atakayelijua ataniletea ubishi na mimi nimeapa kuacha. Alikuwa mfupi kama mimi. Katika daftari langu alikuwa amewapiga mabingwa wa kila uzani na hajapoteza hata mara moja. Si ajabu. Refa nilikuwa mimi, na majaji watatu nilikuwa mimi.

Wakati huo niliishi Lozells na mdogo wangu wa kike, katika nyumba mojawapo ya zile zilizobanana mtaa mzima. Yeye alikuwa mwaka wa mwisho wa masomo ya uuguzi. Nilimlea tangu ana miaka sita, Nairobi, kisha nikatangulia huku na baadaye nikamleta. Akapata mchumba, kijana Mtanzania wa Tanga aliyefanya kazi maabara, mpole, anayevua viatu hata pale unapomwambia asivue. Wazazi wa kijana walikuwa Tanga. Mkubwa wake hapa Birmingham alikuwa baba yake mkubwa, mzee wa Longbridge, pembeni mwa jiji, na ndiye angekuja kuleta posa. Upande wetu hapakuwa na baba, hapakuwa na ami wala babu. Walii wa binti nilikuwa mimi, bila neno langu hakuna ndoa. Nilikuwa na miaka thelathini na mbili na nilinunua kanzu mpya kwenye maduka ya Alum Rock kwa ajili ya cheo hicho. Muuzaji alisema ni saizi yangu. Ilinifika vidole vya miguu, nikamwamini.

Asubuhi ya siku yenyewe, mdogo wangu alinisimamisha mlangoni mwa jikoni akiwa na mwiko mkononi.

"Kaka, nakuomba kitu kimoja tu. Usizungumze habari za ngumi."

"Kwani mimi huzungumza ngumi kila mahali?"

"Ulizungumza kwenye hitma."

"Marehemu alikuwa akizipenda."

"Kaka."

"Sawa. Sizungumzi."

Kwa walio mbali na desturi hizi, posa kwetu huenda hivi. Wageni hukaribishwa, wakala, wakanywa, wakazungumzia hali ya hewa na barabara. Mwenyeji hawaharakishi. Wakishaona wakati umefika, msemaji wao anaweka kikombe chini, anakohoa, kisha anasema lililowaleta. Hapo upande wa binti unajibu kwamba umesikia, na jibu litapelekwa baada ya siku kadhaa. Jambo ambalo upande wa binti haulifanyi kamwe ni kuifuata posa. Isiposemwa, haijasemwa. Huwezi kwenda kugonga mlango wa watu ukawauliza kama walisahau kumtaka binti yenu.

Walikuja Jumapili baada ya adhuhuri, mzee na kijana wake. Mzee aliuziba mlango wote. Alikuwa mrefu, mpana, mikono kama ya mtu anayebeba milango kwa kazi, na kwa kweli alikuwa amefanya kazi kiwanda cha magari cha Longbridge mpaka kilipofungwa. Nikamwamkia shikamoo kwa lafudhi yangu ya Nairobi, akaitika marahaba kwa upole wa Kitanga unaomfanya mtu ajione hakulelewa vizuri. Biriani ikaliwa. Hali ya hewa ikajadiliwa mpaka ikaisha. Kijana, kwa adabu, hakufungua mdomo ila kwa kula. Kila kitu kilikuwa kinaenda vizuri, nami nilianza kujiona mzee wa maana.

Chai ilipoletwa, mgeni aliegemea kiti.

"Mwanangu, mtu kama wewe ukitoka kazini unajiliwaza na nini?"

"Napumzika tu, mzee."

"Mimi tangu kiwanda kufungwa najiliwaza na ngumi. Nina kanda za zamani kabati zima."

Sikujibu. Ningependa ijulikane kwamba sikujibu. Nilikunywa chai, nikatazama pazia, nikamsogezea sambusa. Nadhani nilivumilia dakika mbili.

"Ila mimi," akaendelea, "natazama uzito wa juu tu. Ndio mabingwa. Wale wadogo wadogo ni kuku wanaogombania punje."

Jikoni mfuniko wa sufuria uliwekwa chini kwa nguvu. Nilielewa vizuri nilichokuwa naambiwa.

"Samahani, mzee," nikasema, "hapo sikubaliani."

Nilimtajia bingwa wangu. Akamtaja wake, bingwa wa uzani wa juu, mwenye konde la kushoto lililowalaza wanaume wazima kama watoto wa chekechea. Nikamweleza kanuni yangu ya kukuza na kulinganisha. Akanisikiliza hadi mwisho akitabasamu, na tabasamu lile ndilo lililoniharibu.

"Hebu nikuulize. Ukiikuza injini ya gari dogo ikalingana na ya lori, itavuta kama lori?"

"Huyu ni mtu, mzee, si injini."

"Nijibu. Mimi nimefunga injini miaka ishirini. Kitu kikikua, kinazidi uzito kuliko kinavyozidi nguvu. Huyo mdogo wako mkuze afike kilo mia, ile mbio utaiona wapi? Atatembea kama mimi."

Hoja ilikuwa nzuri. Miaka yote ya daftari langu sikuwa nimeifikiria. Mtu mwenye akili angesema, mzee umenipa jambo la kutafakari, akamwongeza chai. Mimi nilisimama.

"Mbio si nguvu, mzee, ni miguu kujua pa kwenda. Ngoja nikuonyeshe."

"Nionyeshe."

Alisimama naye. Kijana akavuta meza pembeni, masikini, akidhani labda hii nayo ni sehemu ya desturi za Kenya. Nikaanza kuzunguka zulia kwa miguu ya bingwa wangu, kushoto, kushoto, kulia, ngumi juu. Mzee alibaki katikati na kunyoosha kiganja kimoja tu, kama askari wa barabarani. Nilidanganya kushoto. Nikajikunja kuingia chini ya mkono wake. Nikakanyaga kanzu yangu, nikaenda kwa kichwa hadi tumboni mwake na kutoka hapo sakafuni. Yeye hakutikisika.

"Umeona?" akasema akinitazama kutoka juu. "Na wala sijapiga."

"Hiyo ni kanzu!"

"Bondia halaumu bukta, mwanangu."

Kijana alicheka. Ndiyo sauti ya kwanza aliyotoa tangu aingie, akajiziba mdomo haraka. Nami, nikiwa bado nimekaa chini na punje za biriani gotini, nilisema neno ambalo hata sasa nikilikumbuka natamani kuzima taa.

"Mzee, wewe hujui ngumi."

Mzee aliketi polepole, akamalizia chai yake, akaweka kikombe chini. Nilidhani sasa atakohoa, aseme lililowaleta.

"Alhamdulillahi," akasema. "Tumekula, tumeshiba. Tunawashukuru."

Akachukua koti. Kijana alinitazama, akamtazama mzee, akatazama mlango wa jikoni, kisha akavaa viatu.

Mdogo wangu alitoka wakati gari lao likiwashwa.

"Amesema?"

"Alikuwa karibu."

"Amesema, kaka, au hajasema?"

"Hajasema."

Nilitegemea apige kelele. Angepiga kelele ningejitetea. Alianza kukusanya vikombe, kimoja kimoja.

"Umenilea tangu nina miaka sita," akasema. "Mjomba alitaka kunichukua nikawe mtumishi wa watoto wake, ukakataa. Watu walikwambia uniache Nairobi, ukakataa. Hukuniacha kwa mtu yeyote. Leo umeniacha kwa ajili ya mtu wa kilo hamsini."

Akaenda jikoni. Nikabaki naokota punje kwenye zulia.

Wiki ile ilikuwa ndefu. Kijana alimpigia simu, akasema baba mkubwa hataki kuzungumzia jambo hilo. Kila akiulizwa anajibu tu kwamba yule bwana mdogo hana adabu na haelewi injini. Wazee wa Tanga nao wasingempita kaka yao mkubwa wakatuma mtu mwingine. Kila upande ulikuwa umefungwa na heshima yake, na aliyetia kufuli nilikuwa mimi. Mdogo wangu aliendelea kunipikia na kunipakulia. Alinisalimia kila asubuhi. Alikuwa mpole kiasi cha kutisha.

Jumatano nilichukua daftari. Nilikuwa nimeamua kumfanya bingwa wa mzee ashinde, niandike pambano zima, kisha nijilazimishe kuliamini. Nilimkuza bingwa wangu mpaka kilo mia, nikamnyang'anya mbio kama mzee alivyosema. Raundi ya kwanza akapigwa. Ya pili akapigwa. Ya nne alianguka, nikaandika hesabu ya refa, moja, mbili, tatu, nikafika nane, naye akainuka. Mimi ndiye niliyeshika kalamu, lakini akainuka. Raundi ya sita alimwangusha mzito kwa konde la mbavuni. Nilifunga daftari nikajiona mtu asiyefaa kukabidhiwa hata paka.

Jumamosi nikapanda basi hadi mjini, nikapanda jingine la Longbridge. Njia nzima nilikuwa nikijithibitishia kwamba siifuati posa. Naenda kumwomba radhi mzee niliyemvunjia heshima. Kuomba radhi si kufuata. Ningeombwa radhi na mtu, mimi mwenyewe ningesema anaomba radhi. Nilijieleza hivyo mpaka mama aliyekaa karibu nami akahamia kiti kingine, nadhani nilikuwa nasema kwa sauti.

Nyumba ya mzee haikuwa mbali na uwanja wa kile kiwanda, ambao sasa ni mahali patupu nyuma ya uzio, panapongoja kujengwa. Mkewe alinifungulia, mwanamke mdogo wa mwili mwenye kanga begani. Hakuniuliza mimi ni nani.

"Ndiye huyu wa kilo hamsini," akaita kuelekea ndani.

Mzee alikuwa sebuleni amevaa ndara. Hakuinuka.

"Shikamoo, mzee. Nimekuja kukuomba radhi. Nilikosa adabu, tena nyumbani kwangu, mbele ya mwanao."

"Marahaba. Nimekusamehe."

Ningeishia hapo. Lakini nilikuwa nimejiandaa kwa zaidi, na mimi kitu nilichokiandaa lazima nikitoe.

"Na nimefikiria sana yale uliyosema. Ni kweli. Mzito angeshinda."

Mzee aliinua macho. "Raundi ya ngapi?"

Hilo sikulitegemea. "Ya nne."

"Kwa konde gani?"

"La... kulia."

"La kulia!" Alishika mikono ya kiti. "Mtu aliyemaliza watu kwa kushoto maisha yake yote, leo amalize kwa kulia? Unanidanganya, mwanangu. Umetoka huko kwenu mabasi mawili uje kunidanganya ndani ya nyumba yangu!"

Nilisimama pale kwenye zulia lake. Uongo wangu wa kwanza kama mkuu wa ukoo, na ulidumu raundi moja.

"Ni kweli, mzee. Nimekudanganya. Mimi naamini mdogo anamwangusha ya sita."

"Ya sita? Kivipi?"

"Mbavuni. Mzito akinyanyua kushoto, mbavu za upande ule zinabaki wazi."

"Atazifikia vipi na wewe umeshamjaza kilo mia?"

"Hakimbii. Anasubiri. Anapigwa raundi tano akisubiri."

"Hakuna binadamu anayesubiri makonde yale raundi tano!"

"Huyu anasubiri!"

Sijui tulikaa muda gani. Najua kwamba tulikuwa tumesimama wote wawili na mto wa kochi umeshakuwa mbavu, mkewe alipoingia na kusimama katikati yetu. Hakumfika hata mmoja wetu mabegani vizuri, na sote tulirudi nyuma.

"Hao mabingwa wenu wanajua kwamba mnagombana?"

Mzee akaurudisha mto kwenye kochi.

"Nawauliza. Wanajua? Maana kuna watoto wawili wamekaa wiki nzima hawali vizuri, na hao ndio wanaojua." Akamgeukia mumewe. "Wewe mzee mzima. Sema posa."

"Hapa?"

"Kwani huyu si ndiye walii? Yuko mbele yako."

"Hapana, mama," mzee akasema, tena kwa unyonge. "Posa haisemwi nyumbani kwa mwanamume. Inapelekwa kwa binti. Tukiisema hapa, watu watasema binti aliletwa."

Nilikubaliana naye. Lilikuwa jambo la kwanza tulilokubaliana. Mkewe alitutazama kwa zamu, kisha akaenda kuleta viatu vya mumewe.

"Basi pelekeni. Sasa hivi. Na nisisikie kuna mtu kataja ngumi kabla posa haijasemwa. Nitamuuliza binti mwenyewe."

Kijana alikuwa kazini na gari lake, na mzee, aliyetengeneza magari miaka ishirini, hakuwa na gari. Tukapanda basi. Alichukua kiti kimoja na nusu, nami nikakalia kilichobaki, mguu mmoja njiani. Mara mbili nilimwona akifungua mdomo, akaufunga. Mara moja alikunja ngumi ya kushoto juu ya goti lake, akaitazama, akaifungua tena.

Tulipokaribia mjini aliniuliza, "Wazazi wenu walipofariki, ulikuwa na miaka mingapi?"

"Mama alipofariki, kumi na minne. Baba alitangulia."

"Na binti?"

"Sita."

Alitazama nje ya dirisha. "Wakati huo ulikuwa na uzito gani?"

Nilidhani ni mtego, nikafikiria masharti ya mkewe. "Sijui, mzee. Mdogo."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayeongeza kitu kwenye hesabu aliyokuwa nayo kichwani.

Mtaani kwetu nilimwomba asubiri nje kidogo. Alielewa. Ilibidi mwenyeji awe ndani, mgeni apige hodi. Niliingia nikamkuta mdogo wangu mezani na vitabu vyake.

"Jifunike vizuri, wageni wanakuja."

"Wageni gani?"

"Wa posa."

Alinitazama kama anayetaka kupima homa yangu. Kabla hajasema kitu, mlango uligongwa, na ile sauti nzito ya Tanga ikapiga hodi mara tatu kana kwamba haijawahi kufika hapo. Mdogo wangu akakimbilia jikoni na kitabu mkononi.

"Karibu, mzee," nikasema. "Shikamoo. Habari za huko?"

"Marahaba, mwanangu. Nzuri. Habari za hapa?"

Nilimkaribisha kiti, hakukaa. Alisimama katikati ya zulia letu, akafunga vifungo vya koti, akakohoa. Akaanza kusema kwamba wamesikia katika nyumba hii kuna binti aliyelelewa vizuri, na kwamba wao nao wana kijana, na kwamba wamekuja kwa unyenyekevu kuomba wazazi wawapokee. Alisema wazazi. Kisha akanitazama machoni, akasita, akasema tena kwa uwazi, "Kuomba mzazi atupokee." Nilikuwa nimejifunza jibu langu wiki mbili. Nililitoa vipande vipande: tumesikia, tumeshukuru, nitamuuliza mwenyewe, jibu mtaletewa.

Nikaenda jikoni. Desturi ni kwamba binti akinyamaza, amekubali. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma kabisa ya mlango, nilikaribia kumgonga nao.

"Umesikia," nikasema. "Unasemaje?"

"Ndiyo. Ndiyo, na kaseme leo."

"Desturi ni wiki."

"Wiki nimeshakaa. Nenda, kaka. Nenda kabla hajakaa kitini."

Niliporudi alikuwa ameshakaa. Mwili wote ulikuwa umeelekea upande wangu, kidole kimoja juu.

"Sasa kwa kuwa posa imeshasemwa, ile raundi ya sita..."

"Mzee," nikasema, "amekubali."

Kidole kilibaki hewani kidogo. Kisha akainuka, akanikumbatia, na visigino vyangu vikaacha zulia. Sikupinga. Aliponishusha alisema tusome fatiha, na kwamba isomwe na baba wa binti. Nikainua mikono nikaisoma mimi, polepole ili nisikosee, na mwishoni tukaitikia amina, sisi wawili pale sebuleni, na mmoja nyuma ya mlango wa jikoni kwa sauti iliyotuzidi wote.